Kopo Langu Kwenye Furushi la Mke Wangu

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, nasema kwa kifupi nisimchoshe aliyelisoma. Jina langu ni Zvenyika, fundi wa ndoo na makarai, muumini wa kanisa la kanzu nyeupe kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka jana kwenye Paseka yetu ya kila Julai, Nabii Zefania alinisimamisha langoni akasema nina ugoro puani. Nilipiga magoti, nikalia, nikaapa mbele ya umati wote: nikinusa tena, jina langu lifutwe kwenye Kitabu cha Uzima.

Hakuna aliyeniomba niape. Nilijiapia mwenyewe kwa kiherehere changu.

Nilishinda siku kumi na tisa. Siku ya ishirini mzee mmoja alikuja kuchukua ndoo yake, akatoa ugoro, akaninyooshea kiganja, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Tangu siku ile nilitembea na kopo dogo la bati, nililolitengeneza kwa mikono yangu, ukubwa wake kama kidole gumba.

Wiki jana niliishia pale tulipofika uwanja wa Paseka, asubuhi nikasikia kwamba mwaka huu wanaume wanapekuliwa hadi kwenye pindo za kanzu. Mtu mwenye akili angelitupa kopo porini. Mimi nililisukuma ndani ya furushi la mke wangu, katikati ya blanketi, kwa sababu sijawahi kuona furushi la mwanamke likifunguliwa langoni. Na kwa sababu, niseme ukweli, nilitaka kulikuta jioni.

Basi, sikilizeni yaliyonipata.

Foleni ilikuwa imeanza tangu alfajiri. Wanaume kulia, wanawake kushoto, wote peku, na ile baridi ya Julai inauma nyayo kama inalipwa. Lango letu ni nguzo mbili tu, na kamba inayozunguka uwanja mzima. Katikati ya nguzo alisimama Nabii Zefania na fimbo yake.

"Mbona unatetemeka?" mke wangu Muchaneta aliniuliza kabla hatujatengana.

"Baridi."

"Baridi gani inayotetemesha midomo tu?"

"Mama Tariro, nenda kwenye mstari wako."

Akaenda, furushi kichwani. Nililitazama furushi lile likisogea kuelekea kwa nabii, hatua moja moja.

Nyuma yangu alikuwa Mzee Hosiya, aliyenifundisha kukunja bati nilipokuwa kijana. Alikuwa akilalamikia miguu yake kama kawaida.

"Mwaka ujao nakuja na soksi," alisema. "Wakitaka wanifukuze."

Sikucheka. Msomaji, usidhani niliogopa aibu. Aibu nimeshaizoea. Niliogopa moto, ule wa milele. Mwaka mzima nilikuwa nikishtuka katikati ya kazi, nyundo mkononi, nikijiuliza kama jina langu bado limo au limeshatolewa. Nilikuwa nikiomba, halafu naacha katikati, kwa sababu sikujua kama aliyefutwa ana ruhusa ya kuomba.

Nabii alimsimamisha mama mmoja mnene.

"Wewe na mkamwana wako hamsemezani."

"Baba, yeye ndiye aliye..."

"Sijakuuliza habari zake. Piga magoti."

Yule mama akapiga magoti, akakiri, akapita. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu ambao zamu yao haijafika.

Kisha nikasikia: "Mama Tariro, simama."

"Tua furushi. Lifungue."

Muchaneta hakusita. Alifungua kama mtu asiyekuwa na la kuficha, kwa kuwa hakuwa nalo. Blanketi lilipokunjuliwa, kopo likadondoka, likabingirika vumbini mpaka kwenye unyayo wa nabii. Zefania akaliokota, akalifungua, akapiga chafya. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Unamlisha nani?" akauliza.

Kwetu sisi, mwanamume akikutwa na ugoro ni mlevi wa pua tu, anakemewa na kutubu. Mwanamke ni mambo mengine. Ugoro ndio chakula cha mizimu, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mganga wa kupandisha roho aliyejulikana kata nzima. Wanawake waliokuwa karibu na Muchaneta wakakusanya nguo zao wakasogea mbali.

Muchaneta alinyanyua macho akanitafuta upande wa wanaume. Akaniona. Akanitazama.

Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Ni wangu," nikamsikia akisema.

"Nimekuuliza unamlisha nani."

"Simlishi mtu. Nanusa mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu Septemba."

"Mtoto wa mganga ananusa ugoro, halafu halishi mtu!" Zefania akawageukia wazee wa lango. "Mvueni kitambaa. Mtoeni nje ya kamba. Jumatatu mumrudishe kwao, akauache huo mzimu ulikotoka."

Walimvua kitambaa cheupe kichwani mbele ya watu wote. Miaka kumi na nne ya ndoa, sijawahi kumwona Muchaneta akiwa kichwa wazi mbele ya wanaume. Alichukua furushi lake akaondoka nao, na mimi bado nilikuwa nimeinama.

Zamu yangu ikafika. Wapekuzi wakanipapasa pindo, mikono, kola. Zefania akanishika kidevu akanitazama machoni muda mrefu. Nikafumba mdomo nisipumue.

"Pita, Baba Tariro," akasema. "Pole kwa yaliyoikuta nyumba yako."

Nikapita.

Ungetegemea nifurahi. Nilizidi kuogopa. Mwaka jana mtu huyu alininusa nikiwa hatua kumi kutoka kwake. Mwaka huu tulikuwa uso kwa uso na hakuona kitu. Nikaona kuna maelezo mamoja tu: Roho hajisumbui na mtu aliyekwisha kufutwa.

Nilikaa chini ndani ya kamba. Mzee Hosiya akaja akajiangusha pembeni yangu.

"Mshono wa kopo lile naujua," akasema, macho yake yako mbele. "Unakunja ukingo mara mbili halafu unapiga nyundo kutoka kushoto. Nilikukataza kwa miaka mingi."

Nilivuta kanzu yangu nikafunika nyayo.

"Kinachokutetemesha ni nini, mkeo au jehanamu?"

"Vyote."

"Kipi kwanza?"

"Jehanamu," nikasema. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema. "Mzee, niliapa. Nilisema jina langu lifutwe, kwa kinywa changu. Mungu si wa kuchezewa."

"Siku uliyookoka, nani alikuokoa?"

"Yesu."

"Habari za ugoro alizijua?"

"Wakati ule nilikuwa sijaanza kunusa."

"Sikuulizi ulikuwa unafanya nini wewe. Yeye alijua, au alikuja kushtukia baadaye kama jirani?"

Nilifikiri. "Alijua."

"Akakuchukua hivyo hivyo. Sasa wewe ukaja na kiapo chako, ukamwamuru avunje kazi yake kwa sababu ya unga wa tumbaku. Unadhani mdomo wako una nguvu kiasi hicho? Mdomo wenyewe umeshindwa kusema neno moja pale langoni."

Lilinichoma, na nilistahili.

"Kwa hiyo ninuse tu, mzee? Si nimeshaokolewa?"

"Nimesema hivyo?" Alinigeukia kwa hasira. "Mtoto akijinyea hafukuzwi nyumbani. Anaogeshwa. Na maji ya kwetu unajua yalivyo baridi."

"Nitajuaje kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hiyo?"

Mzee Hosiya akawa anasugua miguu yake.

"Hilo hata mimi huwa linanikosesha raha," akasema mwishowe. "Nilikaa nje ya kamba miaka sita kwa ajili ya pombe. Miaka sita hakuna wimbo, hakuna mkate. Nilikuwa nalewa huku nalia. Nikajiambia, kama mimi si wa nyumba hii, mbona inaniuma hivi kukaa nje? Hilo ndilo nililolishika. Sina jingine la kukupa."

"Basi twende wote kwa Zefania. Umwambie mshono ni wangu."

"Kopo si langu," akasema, akalala chali. "Nenda mwenyewe."

Sikwenda kwa Zefania. Nilizunguka kwa ndani ya kamba mpaka upande wa pili, walikokuwa waliotolewa. Muchaneta alikuwa amekalia furushi lake, khanga ya kujifunikia begani ameihamishia kichwani.

"Usisogee," akasema. "Watakuona."

"Kwa nini umesema ni wako?"

"Leso zako nani anazifua? Tangu Septemba naona ile rangi. Ulidhani nafikiri ni chai?"

"Mwaka mzima ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeacha?"

Nikaishika kamba kwa mikono miwili.

"Wewe uliapa," akaendelea, sauti chini. "Mimi sikuapa. Mimi nikianguka nitaomba msamaha, nitainuka. Wewe ulijifungia mlango kwa nje, nilikusikia kwa masikio yangu. Sitaki kwenda kukaa mbinguni peke yangu, Baba Tariro. Nikakae na nani huko? Na mama yako?"

Nilicheka, halafu nikajikuta nalia.

"Na Jumatatu je? Wakikurudisha kwenu?"

"Tariro asiolewe mapema. Hilo tu nakuomba."

"Muchaneta."

"Pale langoni uliniona nikikutazama?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa nakupa nafasi," akasema, akageuza uso.

Nilimwacha pale nikaondoka. Niliwasukuma watu, nikakanyaga mikeka, nikafika langoni nikapiga magoti mbele ya Zefania, na foleni nzima ikasimama kunitazama.

"Baba, ugoro ule ni wangu. Mke wangu hana kosa. Mimi ndiye niliyeuficha kwenye furushi lake asubuhi."

Nilifumba macho nikangoja fimbo.

Badala yake nikahisi mkono wake kichwani, mpole.

"Mmeona?" Zefania akawaambia wazee. "Mke amemtia aibu, na bado anataka kubeba dhambi yake. Wangapi hapa wangefanya hivi?"

"Hapana, baba, mimi sibebi. Ni dhambi yangu. Kopo lile nimelitengeneza mwenyewe, angalia mshono."

"Utakosaje kulitengeneza wewe? Kila bati la nyumbani kwako ni la mikono yako. Mke wa fundi akaazime kopo kwa jirani?"

Wazee wakacheka kwa huruma.

"Nimeanza tena tangu Agosti! Nilivunja kiapo baada ya siku kumi na tisa!"

"Zvenyika." Sasa sauti ilibadilika. Aliinama mpaka ndevu zake zikanigusa sikio. "Nimekutazama machoni, na Roho akasema pita. Unataka kuwaambia watu hawa kwamba Roho alikosea?"

Kila mtoto wa kwetu anajua ni dhambi gani isiyosamehewa hapa wala huko: kumkufuru Roho. Nilikuwa nimekuja kuungama dhambi ya pua, na sasa nilikuwa naelekezwa kwenye hiyo.

"Alikosea?" akarudia.

"Hapana, baba," nikasema.

"Basi nenda ukakae. Na leo utakaa safu ya mbele."

Hivyo ndivyo nilivyokaa safu ya mbele kwenye Paseka, na kanzu yangu nyeupe, nikisifiwa na watu wa kushoto na kulia. Mmoja alinishika bega akasema laiti mume wa dada yake angekuwa kama mimi. Mzee Hosiya alikuwa safu ya pili nyuma yangu. Sikugeuka kumtazama.

Jua lilipoanza kuinama, wakaleta mkate wa Bwana. Kila mtu hupewa kipande chake, anakishika kiganjani, na hakuna kula mpaka amri itolewe. Maelfu ya watu wakanyamaza kwa pamoja. Ulikuwa unasikia nguo zikipigwa na upepo.

Kipande changu kilikuwa kidogo, kimeungua upande mmoja. Nilikitazama nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Nikila, nakula hukumu yangu, kwa sababu nimekaa hapa kwa mgongo wa mke wangu. Nisipokula, wataniuliza kwa nini, na jibu lake ni kumwambia nabii kwamba ni kipofu. Nilijaribu kuomba. Maneno yaliyokuja ni mawili tu: usinifute, tafadhali.

Halafu nikawaza ile khanga kichwani mwa Muchaneta.

Sikuamua. Wanaosimulia mambo kama haya hupenda kusema waliamua. Mimi niliona tu kwamba nimesimama.

"Kaa chini," mtu akaninong'oneza. "Amri bado."

Nikageuka nikaanza kupita katikati ya safu, mkate kiganjani, huku miguu ya watu ikinizuia. Nilipofika kwa Mzee Hosiya, alikunja miguu yake ile inayomuuma ili nipite.

Nikaifikia kamba. Nikainama nikapita chini yake.

"Rudi!" Muchaneta alisimama. "Rudi, mjinga wewe, watu wanakuona!"

"Waone."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Hawataki kuamini." Nikaumega mkate. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, ikanichukua muda. "Shika. Kula."

"Mimi ni mtu wa nje."

"Wa nje ni mimi. Kula, Mama Tariro."

Aliutazama ule mkate kama unaoweza kumng'ata. "Amri haijatolewa. Sisi wote wawili tumechafuka. Tukila hivi si tunafutwa kabisa?"

"Hatufutwi."

"Nani kasema?"

"Mzee Hosiya."

"Hosiya mlevi?"

"Huyo huyo."

Sikujua kama namwambia mke wangu ukweli au namwongoza motoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka iwe kweli, kwa nguvu zote nilizobaki nazo nilitaka iwe kweli, na hiyo ndiyo imani yote niliyokuwa nayo jioni ile.

Muchaneta alinitazama kama alivyonitazama langoni. Safari hii sikuangalia chini.

Akaupokea. Tukatia vinywani pamoja.

Nyuma yetu ule ukimya wa maelfu ukapasuka. Nikasikia miguu peku ikikimbia vumbini, mingi, na fimbo ikipiga ardhi, na kamba ikikatika. Watu waliotolewa wakatawanyika wakatuacha wawili tu. Nilipogeuka, Zefania alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, anahema, na uso wake sijawahi kuuona vile.

"Zvenyika! Mkate wa Bwana uko wapi?"

Wangu nilikuwa nimeshaumeza. Muchaneta alikuwa bado anatafuna.